SOMO LA KIKUNDI: MBOLEA YA RUZUKU NA BEI YAKE YA KWELI



Kila mvua ndefu zikikaribia, swali ni moja katika vijiji vyetu: "Je, mbolea ya serikali imefika?" Wengine hujibu imefika. Wengine husema imekwisha. Wengine huambiwa majina yao hayaonekani. Halafu msimu unapita, mahindi yanatoka ya manjano, na sisi tunabaki kulalamika vile vile kama mwaka uliotangulia.

Somo la mara hii si la kulalamika, ni la kuhesabu na kujipanga. Tutaona kwamba serikali inaweza kupunguza bei ya mfuko kwa nusu, na bado mkulima mdogo asipate faida yo yote, kwa sababu punguzo lote limeliwa na njia. Na tutaona vile kikundi kinaweza kulirudisha.

MADHUMUNI YA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze:
(a) kueleza ruzuku ni nini na pesa zake hutoka wapi;
(b) kupiga hesabu ya bei kamili ya mfuko mpaka ufike shambani;
(c) kuhakikisha kwamba jina lake mwenyewe limeandikishwa;
(d) kujua la kufanya mbolea ikiwa mbovu au ikikosekana.

Muda: Saa mbili na nusu. Mkichoka, gawanyeni vikao viwili.
Vitu vya kutumia: Daftari la kikundi, kalamu, ubao au karatasi kubwa, na risiti za zamani za mbolea, kama zipo.

IGIZO FUPI

Wanakikundi wawili waigize. Wanakutana kisimani.

MAMA WA KWANZA: Jirani, mbona unarudi mikono mitupu? Si ulikwenda kuchukua mbolea?

MAMA WA PILI: Wacha tu, mama. Nimefika huko saa tatu, nikapanga laini mpaka saa nane. Karani akatoka nje, akasema ya kupandia imekwisha, turudi Alhamisi.

MAMA WA KWANZA: Na nauli?

MAMA WA PILI: Nauli nilikopa kwa kikundi. Sasa ya Alhamisi sijui nitatoa wapi.

MAMA WA KWANZA: Afadhali wewe ujumbe uliingia kwa simu yako. Sisi tuliandikisha jina la baba watoto, na yeye yuko Nairobi na simu yake. Nikimpigia anasema, "Nitaangalia." Na mbegu inaingia udongoni wiki ijayo!

MAMA WA PILI: Yule mzee wa shamba kubwa nimemkuta akipakia. Lori zima.

MAMA WA KWANZA: Ameiba?

MAMA WA PILI: La, hajaiba. Ana ekari nyingi, na ana lori. Mimi na wewe tuna nini?

Maswali ya kujadiliana (watu watatu watatu, dakika kumi na tano):
1. Mmeona nini katika igizo hili?
2. Je, mambo haya yametokea hapa kwetu? Yalimpata nani?
3. Yule mzee hakuiba. Basi kwa nini mbolea imemfikia yeye, na hawa mama wawili haijawafikia?

Mwongozaji, usikimbilie kutoa jibu. Andika majibu yote ubaoni. Tutayarudia mwishoni.

SEHEMU YA KWANZA: RUZUKU NI NINI?

Ruzuku ni pesa ambazo serikali inalipa kwa niaba ya mwananchi ili kitu fulani kimfikie kwa bei ya chini. Malipo haya hayaji mkononi mwako. Yanakuja yakiwa yamejificha ndani ya bei.

Tuchukue mfano wa karibu. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda sana duniani, na mfuko wa kilo 50 madukani ulipita shilingi 6,000. Mwezi wa Septemba mwaka huo serikali ya Kenya ilitangaza kwamba itauza mfuko kwa shilingi 3,500. Mwaka 2023 ikashusha tena mpaka shilingi 2,500.

Sasa jiulize: Ile tofauti ilikwenda wapi? Aliyeiuzia serikali mbolea hakutoa bure. Alilipwa kutoka kwa hazina. Na hazina hujazwa na kodi. Ukinunua sabuni, umelipa kodi. Ukiweka pesa za simu ili upige, umelipa kodi. Mama ambaye hajawahi kuona mfuko hata mmoja wa ruzuku amechangia kuununua.

Kwa hiyo mbolea hii si zawadi ya chifu, wala ya mheshimiwa, wala ya chama cho chote cha siasa. Ni pesa yetu ambayo imezunguka ikarudi. Swali ni kama imerudi kwako au imerudi kwa mwingine.

SEHEMU YA PILI: TUMETOKA WAPI?

Ni vizuri kujua kwamba serikali imejaribu njia mbalimbali. Tutazame tatu.

Njia ya vocha. Mwaka 2007 ulianza mpango wa NAAIAP. Tawi lake lililoitwa Kilimo Plus lilikusudiwa mkulima maskini mwenye kipande kidogo. Alipewa vocha ya kilo 10 za mbegu ya mahindi, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia, na mfuko mwingine wa kilo 50 wa kuwekea mahindi yakifika magotini. Hiyo inatosha ekari moja. Vocha aliipeleka kwa duka la pembejeo lililokubaliwa, naye mwenye duka akalipwa na serikali.

Njia ya ghala. Kuanzia mwaka 2008 serikali iliagiza mbolea na kuiuza kwa bei nafuu kupitia maghala ya Halmashauri ya Nafaka na Mazao, yaani NCPB. Hapa mkulima alitakiwa afike kwenye ghala na pesa zake mkononi.

Watafiti waliolinganisha njia hizi mbili waliona tofauti kubwa. Ile ya vocha iliwafikia zaidi maskini, watu ambao bila hiyo wasingenunua mbolea au wangenunua kidogo sana. Ile ya ghala ilichukuliwa zaidi na wenye uwezo, na wengi wao wangenunua mbolea dukani hata kama ruzuku haingekuwapo. Maana yake ni kwamba pesa ya umma ilitumika, lakini mbolea mashambani haikuongezeka kama ilivyotarajiwa. Aliyekuwa nayo alipata kwa bei ya chini, na aliyekosa akaendelea kukosa.

Njia ya simu. Katika mpango ulioanza 2022, wakulima waliandikishwa: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, ukubwa wa shamba na mimea inayopandwa. Mwaka 2023 machifu na manaibu wao waliandikisha mamilioni ya wakulima nchini kote. Aliyeandikishwa alitumiwa ujumbe wa simu wenye nambari yake na hesabu ya mifuko kulingana na ekari zake. Hii imesaidia, kwa maana sasa kuna orodha ya nani ni mkulima. Lakini angalieni: mifuko hufuata ekari. Mwenye ekari ishirini hupata mingi, mwenye nusu ekari hupata kidogo. Na bado yule wa nusu ekari hulipa nauli ile ile.

Fikirini kaunti kama Kakamega. Kule kaskazini, Lugari na Likuyani, kuna mashamba makubwa ya mahindi. Kusini, upande wa Khwisero na Ikolomani, boma zimebanana na ardhi imegawanywa kwa watoto mpaka imebaki vipande. Kaunti ni moja, mbolea ni moja, bei iliyotangazwa ni moja. Lakini mfuko mmoja unaobebwa peke yake na mfuko mmoja ulio ndani ya lori la mifuko arobaini haufiki nyumbani kwa bei moja. Haya, tuhesabu.

SEHEMU YA TATU: BEI YA KWELI YA MFUKO

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fungueni daftari. Nambari zifuatazo ni za mfano tu wa kujifunzia. Mkimaliza, wekeni za hapa kwenu.

Mkulima wa kwanza ana nusu ekari. Amekwenda ghalani peke yake mara mbili, kwa sababu siku ya kwanza mbolea ilikwisha.

Mfuko mmoja: 2,500
Nauli siku ya kwanza, kwenda na kurudi: 400
Nauli siku ya pili: 400
Kibarua alichokosa siku mbili: 800
Kupakiwa: 50
Mzigo kwenye matatu: 150
Bodaboda kutoka stejini mpaka nyumbani: 150
JUMLA: Shilingi 4,450

Mkulima wa pili ana shamba kubwa. Amepiga simu kwanza, akaenda mara moja, akarudi na mifuko 40 kwenye lori alilokodi kwa shilingi 6,000.

Mfuko: 2,500
Sehemu ya lori kwa kila mfuko: 150
Kupakiwa: 50
Nauli yake na siku yake (800) zikigawanywa kwa mifuko 40: 20
JUMLA kwa kila mfuko: Shilingi 2,720

Tuseme sasa mbolea hiyo hiyo inauzwa kwa shilingi 4,500 katika duka la agroveti pale sokoni, ambapo unaweza kutembea kwa miguu. Mkulima wa kwanza ameokoa shilingi hamsini tu. Hamsini! Baada ya siku mbili za laini na jua. Punguzo lote ambalo serikali ilimlipia limebaki kwa matatu, kwa bodaboda, na kwa siku zake zilizopotea. Mkulima wa pili ameokoa shilingi 1,780 kwa kila mfuko, na ana mifuko arobaini.

Hapa ndipo jibu la swali letu la tatu lilipo. Mwenye lori hakuiba. Ni vile mpango wenyewe unamlipa zaidi mwenye uwezo wa kuufikia.

Hebu tujaribu hesabu ya kikundi. Kikundi cha watu 30, kila mmoja ana mfuko mmoja. Kwanza wamemtuma mwenzao mmoja kuuliza kama mbolea ipo, inauzwa saa ngapi, na inatakiwa karatasi gani. Wamemlipia nauli 400, chakula 100 na kibarua chake 400. Hiyo ni 900, yaani 30 kwa kila mtu. Halafu siku moja wote wamekwenda na vitambulisho vyao, na wamekodi kanta moja kwa shilingi 6,000 kuleta mizigo mpaka kijijini.

Mfuko: 2,500
Nauli: 400
Kibarua cha siku moja: 400
Sehemu ya kanta: 200
Kupakiwa: 50
Sehemu ya aliyetangulia kuuliza: 30
JUMLA: Shilingi 3,580

Kila mtu ameokoa shilingi 870 kuliko angekwenda peke yake. Kikundi kizima kimeokoa 26,100. Hiyo pesa haikutoka kwa mfadhili. Ilikuwa yenu tayari, ila ilikuwa ikianguka njiani. Na kama ghala litakubali wajumbe wawili wachukue kwa niaba ya wengine wakiwa na barua na nakala za vitambulisho, mtaokoa zaidi. Ulizeni jambo hilo kabla ya siku ya kwenda, si mkiwa langoni.

Neno kwa mwenye kipande kidogo. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, una mashimo karibu 10,800. Mfuko wa kilo 50 ukigawanywa hapo ni kama gramu nne na nusu kwa shimo, karibu kifuniko kimoja cha soda kilichosawazishwa. Kwa hiyo wenye nusu ekari wawili wanaweza kutumia mfuko mmoja. Wakubaliane mapema, waandike, na wapime kwa mizani mbele ya mashahidi. Urafiki mwingi wa vijiji umevunjwa na mfuko uliogawanywa kwa macho.

Maswali ya kujadiliana:
1. Hapa kwetu, mfuko wa ruzuku ulitufikia kwa shilingi ngapi msimu uliopita, baada ya gharama zote?
2. Duka la karibu liliuza kwa bei gani?
3. Tulipoteza siku ngapi kwa jumla?

SEHEMU YA NNE: JINA NI LA NANI?

Tumrudie mama wa kwanza katika igizo. Yeye ndiye anayelima. Ndiye anayepalilia. Lakini ujumbe uliingia kwa simu iliyo Nairobi. Taabu hii ni ya wengi: mke ambaye mumewe yuko kazini mbali, mjane anayelima shamba ambalo hati yake bado ina jina la marehemu au la baba mkwe, na kijana aliyekodi kwa mwaka mmoja.

Tufanye hivi:

1. Kila mwanakikundi achunguze jina lake. Aende kwa naibu wa chifu au kwa afisa wa kilimo wa wadi, aulize: Jina langu lipo? Kitambulisho ni sahihi? Nambari ya simu ni yangu, na bado inafanya kazi? Ekari zilizoandikwa ni zile ninazolima? Watu wengi walibadilisha laini ya simu na ujumbe unaendelea kwenda kwa ile ya zamani.

2. Nyumba ambayo mume yuko mbali izungumze mapema. Ikubaliwe nani ataandikishwa, naye awe yule ambaye yuko shambani. Hili si jambo la kumnyang'anya mwenye nyumba heshima yake. Ni la kuhakikisha mbolea inafika kabla ya mbegu.

3. Mjane asiende peke yake. Afuatane na mzee wa mtaa na mwanakikundi mmoja wa kumshuhudia kwamba ndiye anayelima. Atakayemwambia "leta mwenye shamba" ajibiwe kwa adabu, "Mwenye shamba tulimzika. Anayelima ni huyu."

4. Usiuze nambari yako. Kuna madalali wanaopita vijijini wakimpa mtu shilingi mia tano ili atoe nambari aliyotumiwa. Yule aliye na dhiki leo anaiona mia tano kuwa nyingi. Lakini kwa mfano wetu wa juu, punguzo ndani ya mfuko ni shilingi 2,000 kabla ya usafiri. Dalali amekupa robo, akachukua robo tatu, na shamba lako limebaki bila kitu. Kama shida ni pesa ya kununulia, ileteni kwa kikundi. Hiyo ndiyo kazi ya mkopo mdogo wa kikundi.

SEHEMU YA TANO: JE, KILICHO NDANI NI MBOLEA?

Mwezi wa Machi 2024, katikati ya msimu wa kupanda, ilijulikana kwamba mifuko mingine iliyouzwa kupitia mpango wa ruzuku haikuwa na ubora wa mbolea. Serikali ilisimamisha uuzaji wa mifuko iliyoshukiwa na ikaahidi kuwafidia wakulima waliouziwa. Jambo hilo lilifika Bungeni, ambako Waziri wa Kilimo wa wakati huo alikabiliwa na hoja ya kumwondoa. Kamati iliyochunguza haikuthibitisha mashtaka, naye akabaki kazini wakati ule.

Lakini sisi tujiulize la kwetu. Mkulima aliyepanda kwa mbolea kama hiyo amepoteza nini? Si mfuko tu. Amepoteza mbegu, jembe, palizi, na mvua ambayo haitarudi mpaka msimu mwingine. Mfuko wa kubadilisha ukija mwezi wa Juni, mahindi hayarudi nyuma kuungojea.

Basi tujilinde kwa mambo haya:

Tazama mfuko. Uwe umeshonwa vizuri, haujafunguliwa, na una jina la mbolea, uzito, kiasi cha virutubishi, na alama ya ubora ya KEBS. Uliotoboka au ulioshonwa mara ya pili ukatae palepale.

Weka risiti. Iandikwe jina lako na aina ya mbolea. Katibu wa kikundi anakili katika daftari: tarehe, mahali, jina la mbolea, na nambari zilizo kwenye mfuko. Usitupe mfuko mtupu mpaka mavuno.

Weka sampuli. Chukua mkono mmoja wa mbolea, uweke katika chupa safi iliyokauka, funga, andika tarehe.

Acha mstari wa ushahidi. Panda mstari mmoja bila mbolea. Baada ya wiki nne tazama. Kama mistari yote inafanana, ita wenzako waone, na umwite afisa wa kilimo mara moja.

Aliye na risiti, mfuko na sampuli ana neno la kusema. Asiye navyo ana kilio tu, na kilio peke yake hakilipwi fidia.

Angalizo: Si kila mahindi ya manjano ni kosa la mbolea. Sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya zina udongo wenye asidi, na kutumia DAP mwaka baada ya mwaka huongeza asidi hiyo. Udongo wa namna hii huzuia mmea kupata chakula hata kama umemwaga mbolea nzuri. Dawa yake ni chokaa ya shambani, samadi, na kubadilisha aina ya mbolea baada ya kupima udongo. Kikundi kinaweza kuchanga na kupima mashamba machache yanayofanana badala ya kila mtu kupima lake.

SEHEMU YA SITA: KUULIZA SI KUGOMBANA

Wengi wetu tunaogopa kuuliza ofisini. Tunadhani tutaonekana wakaidi. Lakini Katiba ya 2010, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 imeeleza namna. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumsaidia. Na ofisi inatakiwa kujibu katika muda wa siku 21. Isipojibu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Barua yenyewe si ngumu. Huu ni mfano:

Kwa Afisa wa Kilimo,
Wadi ya ................

YAH: OMBI LA HABARI KUHUSU MBOLEA YA RUZUKU

Sisi wanakikundi wa ................ tunaomba kwa heshima kujua mambo haya, kulingana na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016:
1. Ni mifuko mingapi ya mbolea ya ruzuku iliyoletwa kwa wadi yetu msimu huu, na ya aina gani?
2. Ni wakulima wangapi wa wadi hii walioandikishwa, na ni wangapi waliopata?
3. Mbolea ya msimu ujao itafika lini, na itauzwa katika vituo gani?
4. Je, kunaweza kuwekwa kituo cha kuuzia karibu na soko la ................?

Tutashukuru kupata jibu kwa maandishi.

Wako,
Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina (sahihi na tarehe)

Pelekeni nakala mbili. Moja ipigwe muhuri na irudi nanyi. Hiyo ndiyo siku ya kwanza ya kuhesabu siku 21.

Tazameni swali la nne tena. Hilo ndilo lenye uzito. Kituo cha kuuzia kikisogezwa karibu, yule mwenye mfuko mmoja ndiye anayefaidika zaidi. Jambo hilo lipelekwe pia kwa mwakilishi wa wadi, na kwenye mikutano ya wananchi ya kujadili bajeti ya kaunti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hupelekwa kwa bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha. Kwa hiyo wa kuomba aombe mapema mwakani, Januari na Februari. Anayekwenda Mei akidai kituo amekuta chungu kimeshapakuliwa.

KAZI YA KIKUNDI KABLA YA KIKAO KIJACHO

1. Chagueni watu watatu: mmoja wa kuchunguza majina kwa naibu wa chifu, mmoja wa kuuliza habari ghalani, na mmoja wa kuuliza bei katika maduka mawili ya agroveti na bei ya kukodi kanta.
2. Kila mmoja alete hesabu ya mfuko wake wa msimu uliopita, na gharama zote.
3. Andikeni barua. Msomeeni kila mwanakikundi kabla ya kutia sahihi.
4. Anzeni akiba ya mbolea. Mtu akiweka shilingi 100 kila wiki kuanzia mavuno, kwa wiki thelathini ana 3,000. Mbolea ikifika, hatakimbia kwa dalali.
5. Orodhesheni wajane, wazee na wagonjwa wa kijiji ambao hawamo kikundini. Nani atawabebea mfuko wao kwenye kanta?

Hiyo ya tano msiiruke. Kikundi kinachojipanga kinaweza kugeuka kuwa yule mzee mwenye lori: hakuiba, lakini amepakia na kuondoka, na jirani yake bado amesimama kwenye laini.

Sasa rudini kwenye ubao, mwangalie majibu yenu ya mwanzo. Ni yapi mngeandika tofauti? Ruzuku hutangazwa Nairobi, lakini bei yake ya kweli hupatikana pale mfuko unapotua mlangoni mwako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkishajua mlilipa ngapi msimu uliopita, mnajua pa kuanzia msimu ujao.